Choo cha Seli, na Wahusika Wengine Ninaowatetea

Juzi kwa kinyozi mmoja mtaa wa Umoja, Nairobi, jamaa watatu walikuwa wakibishana kuhusu muvi. Killmonger, adui wa Black Panther, akasifiwa. Magari yanayoruka, helikopta zinazolipuka, mapigano ya juu ya treni, yote yakapata nafasi. Kisha mmoja wao, povu bado shavuni, akasema filamu za Kenya hazina hata onyesho moja la mtu kwenda nalo nyumbani, na wenzake wakaitikia. Nililipa nikatoka, ila maneno yale yamenikaa kooni tangu siku hiyo.

Hakuna hata moja? Na choo cha filamu ya Nairobi Half Life je?

Mwas, mhusika wake mkuu, ametoka kijijini kuja kuwa mwigizaji. Kabla hajaijua River Road vizuri ameshaporwa, na muda si muda yuko seli. Mle ndani anaamrishwa asafishe choo, na kamera haitugeuzii uso hata kidogo. Unakiona jinsi kilivyo. Nimeitazama filamu hii na watu wa kila aina, na kila mara ikifika hapo kuna anayefunika pua sebuleni.

Wengi hulikumbuka onyesho hilo kwa uchafu wake. Mimi nalikumbuka kwa sababu ya Mwas mwenyewe. Kule kwao alikuwa akiuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, anapaza sauti, anakuwa shujaa hapo hapo kwenye vumbi. Amekuja mjini kutafuta jukwaa, na jukwaa la kwanza analopewa na Nairobi ni lile, na watazamaji wake wa kwanza ni mahabusu. Hapo ndipo jiji linampima. Hapo pia ndipo urafiki wake na Oti unapoanza, na bila Oti hakuna genge, hakuna vioo vya magari vilivyong'olewa, hakuna damu. Ukilitoa onyesho la choo filamu nzima inaporomoka. Halafu twende mwisho kabisa: wenzake wamekwisha kupigwa risasi, na yeye anapanda jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio, waliovaa vizuri, wasiojua ametoka wapi usiku huo. Nikimtazama pale naona bado yule kijana wa seli. Ni kazi ile ile, ya kusimama mbele ya watu huku moyo umevunjika, na kuifanya hadi mwisho. Joseph Wairimu, aliyemcheza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la Durban mwaka wa 2012, na alistahili kila chembe yake. David Gitonga, Tosh wetu, ndiye aliyeiongoza, na ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuipeleka kuwania Oscar.

Na Oti! Olwenya Maina, aliyemcheza, alitutoka 2022 na bado sijaona anayeweza kuingia kwenye nafasi ile. Unamwogopa na unampenda kwa wakati mmoja. Ukiwa umekulia mtaani unamjua Oti, umewahi kumsalimia, pengine aliwahi kukuvusha mahali pabaya usiku. Sheng anayoiongea haikuandikwa na mtu aliyeisikia kwa mbali.

Nakubali, shingo upande, kwamba filamu zetu nyingi sauti zake husumbua, na kwamba mara nyingi mhusika hueleza kwa dakika tatu jambo ambalo jicho lake lingemaliza. Pesa pia hazipo. Lakini pesa hazikukitengeneza kile choo kikakaa akilini mwetu zaidi ya miaka 10.

Tena wengi wetu tulilelewa kwenye vibanda vya video na DJ Afro, mtafsiri wa filamu, sauti moja ikimbeba steringi (yaani shujaa), adui, mama ya steringi na hata mbwa wake. Namheshimu sana. Alichukua filamu za Wachina, Wahindi na Wamarekani akazifanya zetu, na watu ambao hawangefuata mazungumzo ya Kiingereza wakapata kucheka na kulia pamoja na wengine. Mtu aliyefunzwa na fundi kama huyo anajua kusikiliza mhusika. Basi amsikilize na wa kwao.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Kila mtu humzungumzia Jo, mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na Stycie Waweru alimcheza vizuri ajabu. Mimi namtetea mama yake, anayechezwa na Marrianne Nungo. Ni mkunga. Anapokea watoto wa wenzake wakija duniani na wake hawezi kumzuia asiondoke. Anataka mtoto apumzike ndani. Mwix, dadake Jo, anataka acheze, na kijiji kizima kinaingia kwenye mpango wa kumfanya aamini ana uwezo. Watu humwona mama yule kama kizuizi cha furaha. Mimi naona mzazi anayejaribu kuongeza hata siku moja, na kila anapofunga mlango ule moyo wangu uko upande wake.

Kati Kati ya Mbithi Masya ni fupi na nzuri, itafuteni.

Na asiniambie mtu kwamba Wanairobi hawataki filamu zao. Septemba 2018 Mahakama Kuu ilipoisimamishia Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, marufuku kwa siku 7 tu, kumbi zilijaa, watu wakapanga foleni mchana wa siku ya kazi. Wenye kumbi waipe Nairobi Half Life wiki kama hiyo, kwenye skrini kubwa, kwa bei ambayo kijana wa Umoja anaweza kulipa, na wale jamaa watatu nitawakatia tiketi mimi.