Boflo Zima kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja London kutoka Tanga, wiki ya kwanza alikula alichopika mwenyewe, kwa unga alioubeba kwenye begi. Wiki ya pili mke wangu akaanza zamu za usiku, akaniagiza: "Mtoe mama akale nje." Nikapiga hesabu. Chakula cha Kihindi alishasema yeye anakipika vizuri zaidi. Cha Kichina hakiamini. Nikakumbuka kuwa upande wa Wimbledon, kusini-magharibi mwa jiji, wamejaa watu wa Afrika Kusini na wana mgahawa wao, tena mlangoni wamebandika neno halali. Nikamwambia, "Mama, leo tunakwenda kwa jirani." Akavaa dera jipya, jeupe pe. Hapo ndipo ningegeuza njia.

Mwanzo wa menyu niliumudu. Pap nikamwambia ni ugali wetu huu huu, ila wao wanao pia wa chenga-chenga, asubuhi wanaula na maziwa mgando. Boerewors ni soseji ndefu iliyokunjwa kama ngata, na kwa sheria ya kwao lazima angalau asilimia 90 iwe nyama, viungo vikubwa giligilani na siki. Hiyo akaipenda. Bobotie ni nyama ya kusaga yenye binzari, juu yake humiminwa maziwa yaliyopigwa na mayai, ikaokwa mpaka ishike rangi. Mama akasema hiyo ni keki iliyopotea njia.

Kisha tukafika kwenye bunny chow. Chini yake: robo, nusu, nzima.

Jamani, mtu aliyekulia Dar es Salaam na chipsi kuku robo, maneno haya hayahitaji mkalimani. Na bunny si sungura? Nikamwuliza mama kama anakula sungura. "Halali, mwanangu. Ila ana vifupa." Basi, mkwe gani anamtoa mama mkwe wake, halafu anamwagizia robo ya sungura, paja moja la kunyang'anyana?

"Nzima," nikamwambia mhudumu, kwa sauti ya siku ya mshahara.

Kijana yule, mtu wa Durban, mji wa Afrika Kusini, akanitazama. "Nzima? Ninyi wawili?"

"Wawili."

"Nyama gani? Kondoo, kuku, au maharage?"

Mtu mwenye akili angejiuliza sungura mzima anakuwaje maharage. Mimi nilidhani anataja vya pembeni. Nikasema kondoo. Akabaki na kalamu hewani, macho yakahama kutoka kwangu yakaenda kwa mama, akauliza: "Mama mkwe?"

Nikaona huyu kijana ana adabu na jicho kali, katambua ukoo wetu kwa kututazama tu. Nikaweka mkono kifuani: "Naam. Mama mkwe." Akaandika.

Kwenye menyu, pembeni kabisa, palichorwa pilipili tatu ambazo sikuziona. Durban, pale soko la Victoria Street, masala hupangwa marundo marundo kwa rangi, na yale makali kuliko yote wauzaji wameyapa jina la mama mkwe. Kijana alikuwa ananiuliza ukali: ya kawaida, ya wastani, au mama mkwe. Nami nimethibitisha mbele ya mhusika.

Tulipouliza chakula kiko wapi, akajibu kwa ile "sasa hivi" ya Afrika Kusini, ambayo maana yake ni baadaye kidogo, Mungu akipenda. Sisi wenye "nakuja, niko njiani" tukiwa bado kitandani hatuna haki ya kulalamika. Ila mama alikuwa na njaa.

Kilipokuja, kilikuja boflo. Boflo zima, lile la gramu 800 lisilokatwa vipande, limelazwa juu ya ubao kama maiti, tumbo limechimbwa, ndani umejazwa mchuzi mwekundu hadi ukingoni: kondoo na mifupa yake, mbatata, majani ya giligilani. Ule mkate laini waliouchimba wameurudisha juu kama kizibo. Pembeni bakuli la karoti ya kukwangua, vitunguu, pilipili mbichi na siki. Mama akalitambua. "Kachumbari hii." Akavuta kiti mbele. "Sungura yuko wapi?"

Sungura hayupo na hajawahi kuwepo. Wahindi walianza kupelekwa Natal, upande huo huo wa Durban, mwaka 1860 kulima miwa, na mlo huu ulizaliwa Durban kwa wajukuu wao. Maelezo yanayokubalika zaidi ya jina lake ni kwamba linatokana na bania, mfanyabiashara wa Kihindi, huyu huyu ambaye Waswahili wamemwita Baniani karne na karne. Mimi, mwenye lugha iliyolihifadhi neno hilo pamoja na kiatu chake, ndiye niliyeagiza sungura.

Lakini pale mezani sikuwa tayari kuonekana sijui. Nilishajitapa kwenye treni. Kwa hiyo nikafanya makosa matatu, tena kwa mpangilio.

La kwanza: nilidhani kile kizibo ni kawa. Nikakinyanyua kwa vidole viwili, nikamkabidhi mhudumu, nikamshukuru. Akakipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake, akaondoka nacho.

La pili: nikaomba kisu na uma.

La tatu ndilo lililotumaliza. Nikaona ustaarabu ni kumkatia mama kwanza, kama keki. Nikashika boflo kwa uma, nikaingiza kisu ubavuni, chini kabisa, sentimita moja kutoka kwenye ubao.

Bani, yaani hiyo bunny chow, ni birika la mkate. Ukuta wake ni gamba lenye unene wa vidole viwili hivi vya mkate laini kwa ndani, na ule mkate umekaa dakika kadhaa ukinywa mchuzi wa moto. Mzigo wote unaelemea chini. Robo ingenisamehe: robo nzuri hukatwa mwisho wa boflo, ikasimamishwa gamba la mwisho likiwa chini, ina kuta nne fupi na kitako kigumu. (Robo ya katikati haina kitako, ni sponji tupu, wanaojua huikataa.) Zima limelala chali, kuta zake ndefu, mchuzi ndani unakaribia lita. Na ubao, mpenzi msomaji, hauna ukingo. Durban hufungiwa kwenye karatasi, nayo karatasi walau inakunjika. Huu ubao ni urembo wa London.

Nilipochomoa kisu, mchuzi ulitangulia mbele yangu kwenda kumsalimia mama.

Nikaziba kwa kitambaa. Kikalowa. Nikaziba kwa kiganja. Ukiwa na jeraha dogo la karatasi kidoleni, usijaribu hivyo na masala ya mama mkwe. Nikaruka, nikafuta jasho kwa mkono ule ule, jicho la kulia likafunga duka.

"Kizibo kiko wapi?" mama akauliza, ametulia kabisa.

"Nimemrudishia."

Akanitazama kwa muda. Kisha akachukua menyu mbili, akazisukuma chini ya ubao upande wake ili mchuzi urudi kwangu. Akachagua kiazi kimoja kutoka ndani, akakigeuza-geuza kama fundi anayetafuta nati ya saizi, akakigandamiza kwenye tundu. Kikakaa. Mchuzi ukasimama. Meza ya jirani wakapiga makofi, wenyewe wa Durban.

Mhudumu akarudi na kizibo changu kwenye kisahani, na somo. Kizibo ndicho kinachoanza: unakimega, unachovya, unakula mpaka mchuzi ushuke vidole viwili. Ndipo unaanza kumega ukuta, kutoka juu, ukizunguka, na sheria ni moja: usimege chini ya usawa wa mchuzi. Ukuta na mchuzi vishuke pamoja, kama kisima na maji yake. Mkono wa kulia, hakuna uma. Kitako ni cha mwisho, kimelowa, ndicho kitamu kuliko vyote, na watu hukigombania. Na boflo zima, akaongeza kwa upole, huliwa na watu wanne.

Nilivyolelewa mimi, mtu na mama mkwe wake hawali chombo kimoja. Tukala chombo kimoja, kwa mkono, magoti yakikaribia kugusana, kwa sababu sahani ya pili ingehitaji kuhamisha kile kiazi.

Tonge la kwanza lilikuwa la kondoo, mdalasini, majani ya mchuzi. La pili halikuwa na ladha, lilikuwa na sauti. Nikanywa maji glasi mbili. Maji hayayeyushi ule ukali, yanausambaza tu. Kinachosaidia ni maziwa au mtindi, na mhudumu aliniletea jagi bila kuagizwa.

Mama alikuwa anamega ukuta, taratibu, akizunguka kama alivyofundishwa. Akanyunyiza kachumbari juu. Hakuna jasho, hakuna kikohozi. "Hii pilipili inaitwaje?"

Jicho langu moja lililobaki wazi likatafuta mlango. Nikamwambia.

Akatafuna kwanza, akameza. "Wameipatia jina."

Kitako kilifungwa kwenye karatasi, mke wangu akakila alfajiri akitoka zamu. Dera tulililoweka kwa sabuni na limau. Binzari haitoki, inafifia tu, na sasa lina ramani ya njano kuanzia kifuani mpaka pindo.

Ijumaa iliyofuata mama akalivaa lile lile, akasema twende. Alipokaa hakufungua menyu. "Robo," akamwambia kijana, "ya mwisho wa boflo. Kondoo. Mama mkwe."

Kijana akanigeukia mimi. Kabla sijafungua mdomo, mama akajibu:

"Huyu mpe maharage. Bila pilipili. Na asipewe kisu."