Begi Langu na Meli ya Watu

Naandika haya nikiwa ndani ya boti ya kwenda Unguja, begi likiwa mapajani, kwa sababu nimeapa kwamba halitaguswa tena na mkono wa binadamu mwingine hadi nifike kwa wakwe. Hatujang'oa nanga. Kupitia dirishani naiona meli moja nyeupe ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, kila chumba na roshani yake, na nimekuwa nikiitazama kwa jicho ambalo mke wangu angelitilia shaka.

Siwaonei wivu kwa vyakula vyao. Kinachoniuma ni kwamba wale wameshalipa, wakamaliza. Katika meli za daraja la juu, mfano Seven Seas Explorer iliyoanza safari mwaka 2016, nauli hubeba kila kitu: chumba, chakula, vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu na hata bahshishi. Abiria ni wapatao 750 na wafanyakazi zaidi ya 500, yaani kila abiria watatu wana watu wawili wa kuwahudumia, na katika hao hakuna anayekunyooshea kiganja.

Mimi niliposhuka kwenye bajaji asubuhi hii nilihudumiwa na watu wanne kwa mpigo. "Karibu mzee wangu," alisema mmoja, na kabla sijajibu begi lilikuwa limeshapanda begani kwake na kuanza safari bila mimi. Nilimfuata, kwanza kwa hadhi, kisha mbio. Nikamweleza kwa ufasaha kwamba sikuomba msaada, kwamba begi lile lina magurudumu, na kwamba mimi ni mtu mzima mwenye afya yake. Akanijibu bila kugeuka kwamba gurudumu moja limekufa, jambo ambalo ni kweli lakini halikumhusu. Baada ya hatua kama arobaini akalitua kando ya mwenzake mwenye toroli, akadai elfu tano. Nikasema umbali ule hata kuku angeuvuka bure.

"Sawa mzee wangu. Basi nilirudishe nilikolitoa?"

Nikadhani ni mzaha, kumbe mwenzangu ameshaliinua na anarudi nalo getini, watu wanacheka, nami nyuma yake natamka maneno yasiyofaa kwa mjumbe wa kamati ya shule. Tulipatana elfu tatu katikati ya njia, na hapo ndipo aliponiuliza, kwa adabu kabisa, kama hiyo safari ya kurudi tuihesabu au niichukue kama ofa. Mwenye toroli, ambaye hakugusa kitu, akadai chake kwa sababu alikuwa "ananishikia foleni". Foleni gani, ndugu zangu? Nilimpa elfu moja ili nisielezwe.

Humu ndani ni yale yale. Kiti changu kimekaliwa na ndoo isiyo na mwenyewe, na kijana amepita akigawa mifuko ya kutapikia ambayo, nakiri kwa haki, ndiyo huduma pekee iliyojumuishwa katika nauli yangu.

Mpwa wangu, aliyewahi kupika kwenye meli za watalii, hunikanya nisizisifu zote kwa pamoja. Anasema hata jitu kama Icon of the Seas, lililoanza kazi mwaka 2024 likiwa na mabwawa 7 ya kuogelea, soda huilipia kando, na bahshishi huingizwa kwenye hesabu yako kila siku. Niliposikia hivyo nilifarijika kidogo. Kumbe mwenye toroli yuko hata huko, ila hakuiti mzee wangu.

Lakini kuna jambo moja alilonieleza ambalo mpaka leo linaninyima raha. Usiku wa mwisho wa safari, abiria huacha mabegi yao nje ya mlango wa chumba, wakalala, na asubuhi huyakuta nchi kavu yamepangwa. Nje ya mlango! Nikamuuliza nani anayalinda. Hakuna. Je, anayeyashusha hulipwa shilingi ngapi kwa begi? Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Jumapili narudi Dar, nimeagizwa halua kilo nne, na zipu nayo imeanza kuachia.