Banda Zuri, Mbwa Kalala Nje

Mara ya kwanza nilipowapa wanafunzi wangu wa usanifu wa bidhaa kazi ya kutengeneza banda la mbwa, nilitoa alama za juu kwa kazi ambazo leo ningezirudisha zikaanzwe upya. Kundi moja lilileta banda la plaiwudi lililoezekwa bati, lina kidirisha, limepakwa rangi ya samawati, na jina la mbwa limeandikwa juu ya mlango. Tulilipeleka kwenye nyumba moja hapa Dar es Salaam ambayo mwenyewe alikubali tujaribie. Baada ya wiki mbili tulirudi, tukakuta ndani mna majani makavu na utando wa buibui. Simba, mwenye banda, alikuwa amejichimbia shimo chini ya tangi la maji, pale yanapodondoka matone, na ndimo alimolala.

Mwanafunzi mmoja akamfuata mlinzi.

"Shikamoo babu. Mbona haingii?"

"Marahaba mjukuu wangu. Ataingiaje humo? Haoni geti."

Mlango tulikuwa tumeuelekeza ukutani ili mvua isipige ndani. Mbwa ambaye kazi yake ni kulinda geti tukamtazamisha ukuta. Na lile bati, ikifika saa nane mchana, mkono haukai juu yake. Katika kundi zima, mimi mwalimu wao nikiwemo, hakuna aliyekuwa ameketi pale hata nusu siku kumwangalia Simba anashindaje.

Ndiyo maana nasema somo la kubuni vitu vya wanyama wa nyumbani lianze kwa kukaa na mnyama, penseli ikiwa mfukoni. Darasani kwangu sasa ni siku tatu. Mwanafunzi anaandika mnyama amelala wapi saa ngapi, kivuli kinahamia wapi, maji yamebadilishwa mara ngapi, nani kaleta chakula. Hilo la mwisho linawashangaza wengi. Mwenye mbwa ni bosi, lakini anayempikia ni dada wa kazi na anayemfungua usiku ni mlinzi. Ukimhoji bosi peke yake utatengeneza kitu kinachompendeza bosi.

Na madukani ndicho kilichojaa: vitu vya kumpendeza anayelipa. Mpira mwekundu wa kuchezea unauzwa kwa sababu jicho la binadamu linaukimbilia. Mbwa huona vizuri bluu na njano, ila nyekundu na kijani kwake hazitofautiani sana. Ukiurusha huo mpira kwenye majani mabichi, rangi haimsaidii, inabidi autafute kwa pua.

Michoro ya mabanda ambayo vijana wanaitoa intaneti ina shida nyingine. Mingi imetoka nchi za theluji, ambako banda ni sanduku lililofungwa, na mlango ni mdogo ili joto la mwili wa mbwa lisitoke. Huko ni busara, na hata Njombe mwezi wa Julai ni busara. Dar es Salaam mwezi wa Februari sanduku hilo ni jiko. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje, na anahitaji hewa inayopita. Pwani yetu imejua jambo hili karne nyingi: baraza, paa la makuti, upepo unaingia huku na kutokea kule. Niliposema hivyo darasani kijana mmoja akapinga, na alikuwa na haki. Makuti na nyufa za mbao ni nyumba ya kupe. Kupe jike akishashiba anashuka, anatafuta ufa, anataga mayai kwa maelfu. Basi wakatengeneza kitanda cha vipande vya mbao vilivyopigwa msasa, kimeinuliwa kutoka chini, kila kipande kinachomoka kikasuguliwe na kuanikwa juani, na paa limesimama peke yake juu, mbali na pale mbwa anapolala. Hakivutii kwenye picha. Simba alikipanda siku ya pili.

Huwa nawasomea pia mambo matano yaliyotoka Uingereza mwaka 1965, katika ripoti ya kamati ya Profesa Rogers Brambell kuhusu mifugo wanaofugwa kwa kubanwa. Wengi wanajua zile haki tano za baadaye, za mnyama kutopata njaa, maumivu, hofu na kadhalika. Mimi kwa wasanifu napenda zile za mwanzo: mnyama aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Vyote hivyo vinapimika kwa futikamba! Hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sheria haichongi mbao, na fundi hawezi kutengeneza "ustawi" mpaka mtu amwambie ni sentimita ngapi.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni ya binti mmoja kutoka Pemba. Alinijia baada ya kipindi, ana wasiwasi. "Mwalimu, mimi siwezi kumgusa mbwa." Nikamwambia asimguse, aangalie tu. Akaangalia nyumba tatu, akarudi na jambo ambalo mimi sikuwa nimelitambua miaka yote: bakuli la maji la mbwa mara nyingi halioshwi kwa sababu anayetakiwa kuliosha ni Mwislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Kwa wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio wengi pwani, chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mlinzi hamchukii mbwa, ila anaogopa kushika lile bakuli halafu aende kuswali. Kwa hiyo anaongeza maji juu ya maji ya jana, ute unajenga kijani, na kwenye joto mbwa anakunywa uchafu.

Akabuni bakuli lililofungwa kwenye mhimili wa chuma, karibu na bomba la bustani. Unasimama mbali kidogo, unavuta mpini mrefu, bakuli linapinduka na kumwaga yote kwenye changarawe, unalipiga maji kwa mpira, unaliachia linarudi. Mkono haugusi kitu. Fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani alitumia mabaki ya mabomba. Siku ya kuwasilisha, binti alianza kwa kuwakumbusha wenzake ile hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyemkuta mbwa akiramba tope kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Darasa lilitulia kabisa. Nilimpa alama ambayo sijampa mtu tena.

Huwa nikifika kwenye mikanda na minyororo nakuwa mkali, na wanafunzi wanajua. Nikiwa darasa la tano, nyumbani kwetu Morogoro tulikuwa na mbwa anaitwa Popi. Alifungwa kamba ya katani shingoni akiwa bado mtoto. Akakua, kamba haikukua. Mama alikuwa akimpikia dona na dagaa kila siku, sisi tulimpenda, tulicheza naye, na hakuna aliyepitisha kidole pale shingoni. Tulianza kusikia harufu. Bwana mifugo alipokuja na kupanua manyoya, kamba ilikuwa imezama ndani ya nyama. Baba alimshika kichwa, yeye akakata kwa wembe, taratibu, na Popi hakumng'ata mtu. Mpaka leo nikiona kitoto cha mbwa kimefungwa kamba nasimama kuuliza.

Mwaka jana wasichana wawili walikaa na fundi cherehani wakashona mkanda wa kitambaa wenye mikunjo iliyoshikizwa kwa uzi mwembamba. Shingo inavyonenepa, mshono mmoja unakatika, mkunjo unaachia. Haufai kumvutia mbwa, utafumuka wote, kwa hiyo wa kumwongozea ni mwingine unaopita kifuani. Gharama yake ni kipande cha kitambaa na nusu saa ya cherehani. Kuhusu kumfunga mbwa mchana kutwa msimamo wangu ni kwamba asifungwe, ajengewe uzio. Lakini anayefunga leo atafunga na kesho, basi angalau atandaze waya juu kati ya nguzo mbili, mnyororo utembee juu yake kwa pete, mbwa asijizungushie mwembe mpaka ashindwe kufikia maji.

Nimeshaulizwa, tena na walimu wenzangu, kwa nini kijana asomeshwe kwa ada ya mzazi mkulima ili abuni vitu vya mbwa wakati kuna shule hazina madawati. Swali ni la haki. Jibu langu linaanzia kwenye kichaa cha mbwa, ugonjwa unaoua watu wanaokadiriwa 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Kinga yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi hukatika. Kinachokwamisha mara nyingi ni vitu. Kijiji hakina friji ya kuhifadhi chanjo. Watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania walionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana hustahimili nyuzi 25 kwa miezi 6 na nyuzi 30 kwa miezi 3, kisha kikabuniwa chombo cha udongo kinachopoza kwa maji yanayokauka, kama mtungi wa bibi, ili chanjo ikae kijijini bila umeme. Huo ni usanifu. Na siku ya chanjo mtoto anapomburuta mbwa wake kwa kipande cha waya, mbwa akachomoka akarudi nyumbani bila sindano, hapo pamekosekana mkanda. Madawati yatengenezwe, nami nafundisha hayo pia muhula wa kwanza.

Muhula huu tumehamia kwa paka. Watu wengi humpeleka paka kwa daktari ndani ya kiroba cha salfeti, amefungwa juu kama mchele, akifika keshavuruga kila kitu na daktari hawezi kumgusa. Tunajaribu kikapu cha ukili chenye kifuniko kinachofunguka chote kwa juu, ili paka abaki ameketi ndani wakati anapimwa. Kinawekwa sebuleni siku kadhaa kabla ya safari, na ndani yake khanga kuukuu ya mama mwenye nyumba, apate harufu anayoijua. Hewa inapita vizuri, uzito hakuna. Tatizo ni mkojo: paka akiogopa anakojoa, ukili unanyonya, na akisikia harufu ile haingii tena. Vijana wanataka waweke plastiki chini. Mama anayetusukia anasema plastiki itateleza na paka atazidi kuogopa, yeye anataka asuke sakafu ya pili inayochomoka, ifuliwe peke yake. Jumamosi tunarudi kwake na paka wawili.