Namba tasa kubwa si kufuli la benki
Kuna mwandishi kadai eti ile namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) ya tarakimu 41,024,320 iliyogunduliwa 2024, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, itaimarisha ulinzi wa benki. Hapo mwandishi kateleza. Namba tasa za kufungia siri huwa na tarakimu mia kadhaa tu, tena hufichwa. Hii inajulikana dunia nzima, itaficha siri gani? Utamu wake uko kwingine: ukiiandika kwa 0 na 1 kama kompyuta, haina hata 0 moja, ni 1 tupu mwanzo mpaka mwisho. Na kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba nzima iwe tasa; 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89. Hakuna aliyethibitisha bado kama tasa za aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, zina mwisho, wenzangu mnaonaje?