Koboi wa Montana Ameniharibia Tumbo

Jamani, mimi ni mtu mzima wa miaka 64. Nimekuwa bwana mifugo huku Shinyanga miaka 35. Nimechoma chanjo, nimesimamia majosho, nimezalisha ng'ombe usiku wa manane kwa mwanga wa kibatari, mkono umezama mpaka kwapani. Vijana wa mtaani wakiniona wanazima sigara. Na mtu huyo huyo, wiki ya tatu sasa, anakula karanga asubuhi, mchana na jioni. Tumbo limevimba kama la ndama aliyevunja uzio akaingia kwenye maharage. Chanzo ni koboi wa Montana, Marekani, ambaye hata habari zangu hana.

Cheka, lakini kimya kimya, mama Neema amelala.

Binti yetu Neema anafanya kazi hoteli ya watalii kule Karatu. Watalii wakimaliza kuangalia simba wanaacha vitabu vyumbani, maana mabegi yamejaa vinyago. Alipokuja likizo akaniletea boksi zima. "Baba, soma, usishinde barazani unahesabu bodaboda." Nafungua boksi, kitabu cha juu kina picha ya kidume kifua wazi, pama kichwani, suruali ya jinzi, mkanda una chuma cha kufungia kikubwa kama bakuli, ungeweza kupakulia mchuzi. Uso umekatwa kwenye pua, macho hayapo. Nikasema hapana, kitabu hiki mwanangu asikione. Mwanangu mwenyewe ana miaka 29 na watoto wawili. Nikakichukua nikikague kwanza. Ukaguzi ndiyo kazi niliyosomea pale Mpwapwa.

Nilikagua mpaka saa nane usiku.

Kiingereza changu, nikiri, ni cha minyoo na chanjo. Kwa hiyo mwanzoni nilipata shida ya kitaalamu. Binti katoka Chicago, kaingia zizini, kamwona koboi. Mara joto la mwili linapanda. Pumzi zinakatika. Magoti yanalegea. Chakula hakipiti. Nikavua miwani. Hizi ni dalili za ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe! Zimebaki tezi kuvimba tu. Nikasoma haraka nione kama kuna mtu atamwita daktari, kumbe anapenda. Na yule koboi naye macho yake "yanafuka moshi". Ng'ombe akiniletea macho ya namna hiyo namtenga na wenzake, nampaka dawa.

Halafu harufu. Ee bwana, hapa ndipo tuliposhindwa kuelewana. Mwanaume kaamka saa kumi alfajiri, kafukuza ng'ombe, kawapiga chapa ya moto, kalala tope na maksai, na jioni binti anamkumbatia anasikia harufu ya ngozi, msonobari na sabuni. Msonobari! Mimi nimefanya kazi na ng'ombe miaka 35, sijawahi kurudi nyumbani nanukia mti wowote. Mama Neema alikuwa ananivulisha viatu nje, halafu shati nje, na mvua za masika nilishawahi kuogea kwenye ndoo ya ng'ombe mbele ya wakwe.

Kingine kinachoniuma ni mahari. Ranchi ina ng'ombe mia nane. Mia nane! Wamehesabiwa, wameandikwa, tunatajiwa mpaka aina: Angus weusi, wale asili yao Uskoti. Bwana anamchukua binti wa watu, anamvisha kipete kidogo kilichokuwa cha bibi yake, basi, kwisha. Hatoi hata mtamba mmoja. Wala mkwe haulizi. Mimi nilioa kwa mshahara wa serikali nikapangiwa ng'ombe 22, na wawili bado shemeji ananidai. Kila Krismasi anawaulizia, na siku hizi anadai wamezaa.

Na urithi wao! Babu anafariki, anaacha karatasi kwamba mjukuu wa Chicago akae ranchini mwaka mzima, akiondoka siku moja mali inachukuliwa na benki. Mjukuu anakubali, anafungasha, anakuja na viatu virefu. Ukoo uko wapi? Shangazi wako wapi? Huku kwetu karatasi kama ile ingejadiliwa matanga yote, na siku ya tatu ingekutwa imeliwa na mchwa, na mchwa wenyewe tungewajua kwa majina.

Sasa mtaniuliza, kama kasoro ni nyingi hivyo, kwa nini kitabu cha kwanza nilikimaliza siku mbili na cha pili siku moja na nusu?

Kwanza kwa sababu wale ni ndugu. Ukimaliza kitabu cha kaka mkubwa, mdogo wake aliyekuwa anapita pembeni amenuna anapewa kitabu chake. Ni kama sahani ya ubwabwa ya msibani, kila ukifikiri imeisha anatokea mama na beseni jingine. Na waandishi hawa hawakuachi njiani. Chama chao kikubwa huko Marekani kilishaandika kabisa kwamba hadithi ya mapenzi ya namna hii lazima imalizike kwa kuridhisha na kwa matumaini. Yaani kuna mwongozo! Mimi nimeishi na miongozo ya wizara maisha yangu yote, haikuwahi hata mmoja kuniahidi mwisho mwema.

Pili, jamani, kuzalisha wanakujua. Kule Montana, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, ng'ombe wengi huzaa kati ya Februari na Aprili, theluji ikiwa bado chini. Ndama akitoka na maji ya uzazi anaweza kuganda masikio. Basi yule kaka wa tatu, yule mkaidi aliyevunjika goti akiendesha fahali kwenye mashindano (mashindano yenyewe ni sekunde 8 tu juu ya mgongo, mtu anapoteza goti la maisha), anambeba ndama mbichi mpaka jikoni, anamlaza kwenye beseni la kuogea, anamsugua kwa taulo mpaka anakohoa. Mambo haya wafugaji wa kule wanayafanya kweli, sijasoma kwenye riwaya tu. Nilipofika pale nikalia. Miaka 35 sikuwahi kuona mtu anaandika kuhusu ndama aliyekohoa. Mimi ndama wangu wote waliishia kwenye fomu: waliozaliwa, 14; vifo, 3.

Nikawa nasoma kwa siri, nimekifumbata ndani ya kitabu kikubwa cha magonjwa ya ng'ombe. Mama Neema akipita: "Baba Neema, umestaafu na bado unasoma?" Namjibu elimu haina mwisho. Mchana nakirudisha kwenye boksi, katikati ya wenzake. Nilijiona mjanja sana.

Siku hiyo nimefika ukurasa wa 268. Dhoruba ya theluji imeanza, kaka wa tatu kaenda kutafuta majike wenye mimba hajarudi, na daktari wa mifugo wa wilaya, mwanamke, mwenzangu wa fani kabisa, kachukua farasi kumfuata. Nikaitwa kwenye kikao cha harusi ya jirani. Kurudi, boksi hakuna.

"Nimempa Mama Chausiku," anasema mke wangu bila hata kugeuka kwenye sufuria. "Makaratasi yale yanaleta panya. Yeye yatamsaidia kufungia karanga."

Nisingeweza kwenda kudai. Ningemwambia nini mama wa watu, mjane, mbele ya wateja? Naomba kile chenye kidume kifua wazi? Nikaenda nikanunua karanga za shilingi 200. Nikafika nyuma ya mwembe, nikakunjua karatasi: ukurasa wa 41. Huo nilishausoma. Nikarudi. Ikatoka ya kitabu kingine, upelelezi, maiti iko kwenye lifti. Nikarudi tena.

Huu ndio mtindo wangu wa kusoma tangu siku ile. Hadithi naipata kama ng'ombe wa mnadani, huyu katoka huku, yule kule, na hakuna anayejua mama yao. Nilianza kupata 297, wamezaa mapacha. Halafu 283, wamefukiwa na theluji na farasi mmoja kafa. Halafu 291, mtu analia, sijui nani, na kuna barua ya benki. Karanga nakula zote, maana kuzitupa ni dhambi, na kumgawia mtu ni kumpa nafasi ya kuuliza.

Mtaa ukaanza kuhesabu. Mzee Bwana Mifugo, mara tatu kwa siku, kwa Mama Chausiku. Anafungua kikaratasi, anasoma, anatabasamu, anakikunja anakitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Ndugu zangu, hata mimi ningekuwa mtaa ningesema.

Ijumaa usiku mama Neema akazima redio. Akakaa. Mwanamke wa Kisukuma akizima redio na kukaa, jua shauri limefika barazani.

"Baba Neema. Ni karanga, au ni mwenye karanga?"

Nawaambieni ukweli, sikujibu mara moja. Nilipima. Nikisema ni mwenye karanga, wazee watakuja, nitatozwa faini, watanisema, lakini pembeni kuna watakaonipa mkono. Nikisema mzee mzima nasoma hadithi za mapenzi ya makoboi, hata wa kunipa mkono hatakuwepo. Nilipima mpaka akanyanyua mwiko. Ndipo nikatoa karatasi zote mfukoni, kumi na moja, zina mafuta, nikazipanga mezani kwa namba.

Akazitazama muda mrefu. "Soma," akasema.

Nikasoma, nafasiri na kuruka yale ya kuruka. Akagundua. "Hapo umeruka. Umemeza mate." Nikarudi nikasoma. Alipoambiwa koboi ana ng'ombe mia nane akataka kujua mahari, nikamwambia hakuna, akasonya mpaka paka akatoka nje.

Na kwa kuwa siri imeshamwagika, nikamwaga na dukuduku langu lote. Nikamwambia mama Neema, hawa waandishi wanatuonea. Makoboi halisi wa zamani, waliowatembeza ng'ombe kwa miguu kutoka Texas mpaka reli ya Abilene kule Kansas kuanzia 1867, si wachache walikuwa watu weusi. Wanahistoria wanakadiria kama mmoja kati ya wanne. Alikuwepo Bill Pickett, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alimwangusha maksai kwa kumng'ata mdomo. Kumng'ata! Kwenye majalada ya boksi letu simwoni hata mmoja. Na ng'ombe wale wa Texas kila walipopita, ng'ombe wa wenyeji walikufa, wao wenyewe wazima kabisa, mpaka watu wa Kansas wakawazuia. Unajua ilikuwa nini?

"Kupe," akasema mama Neema, kama mtu anayetajiwa jirani yake.

Kupe! Wataalamu wawili, Smith na Kilborne, walithibitisha mwaka 1893. Serikali ikaanza kampeni 1906, majosho kila mahali, mpaka 1943 wakawa wamemfukuza karibu nchi nzima. Na mpaka leo, mama Neema, pale mpakani na Meksiko, kandokando ya mto Rio Grande, kuna watumishi wa serikali wanapanda farasi, wana pama, wana kamba, kazi yao kukamata ng'ombe waliovuka mto na kuwakagua kupe. Umesikia? Bwana mifugo juu ya farasi! Koboi wa kupe! Kwa nini yeye hana kitabu? Hakuna binti wa Chicago wa kumpenda?

Akafikiri. "Kwani anatoa kifua nje?"

"Sijui. Jua la kule ni kali."

"Wewe hukuwa na kifua," akasema. "Uliniambia dume la baba lina kupe masikioni. Mwaka 1986, pale joshoni. Watu wote wanasikia."

"Lilikuwa nao kweli."

"Na mimi nikakuambia una samadi shavuni."

Tukanyamaza kidogo. Kisha akauliza karatasi zipi zimepungua. Nikamwonyesha: 269 mpaka 282, na mwisho kabisa, 303 na 304. Akaniuliza kama yule daktari anajua kwamba koboi alitaka kuuza ranchi. Nikasema ndiyo tatizo, ukurasa wa kujua hilo ndio hatuna. Akajifunika kanga akalala, lakini nilimsikia akigeuka mara tatu.

Leo asubuhi katoka mapema, karudi na karanga pakiti 20. Mtaa mzima umemwona, na sasa hawajui waseme nini. Tumekaa jikoni, yeye anakunjua, mimi nasoma namba, karanga zinaingia kwenye sufuria. Maiti ya lifti. Maiti ya lifti. Ukurasa wa 12. Jalada, nusu ya kifua. Ya mwisho akaikunjua polepole, akanipa bila kuangalia.

Hesabu za darasa la tano. Mita tatu za kitambaa na Juma anagawa machungwa.

"Kesho," akasema, akaniwekea karanga mbele.