Zulia langu limekwama kwenye nyanya

Wiki mbili zilizopita walitangaza baridi ya kugandisha umande hapa Maine, Marekani, nikatoka usiku na tochi ya simu kuchuma nyanya zote zilizobaki, maana ukiziacha mpaka asubuhi unazikuta zimelegea kama zimechemshwa. Ndoo mbili, karibu zote kijani. Nikampigia mama Tanga kulalamika, akacheka, "Sasa mwanangu, hizo si unazivundika tu kama ndizi?" Yani miaka yote nasoma maelezo ya wazungu ya kuivisha nyanya ndani kumbe ni kuvundika kulekule, unazifunga kwenye gazeti, unaweka kwenye boksi na ndizi moja iliyoiva, gesi yake ndo inaziamsha zingine. Wanaozipanga dirishani zipate jua wanajisumbua, zinataka joto la kawaida la ndani basi. Na friji usithubutu. Tusidanganyane lakini, utamu wa ile iliyoivia kwenye mche mwezi wa nane hazifikii, ila kwa kachumbari, zile za supamaketi hazizifikii hata robo.

Sasa zulia, hili ninalolitengeneza mwenyewe kwa ndoano. Kwa asiyejua, unatandaza gunia kwenye fremu, mkono wa juu umeshika ndoano yenye mpini wa mbao (fikiria ile sindano ya kufumia vitambaa vya makochi, ila fupi na nene), mkono wa chini umeshika utepe wa kitambaa cha sufu, unachomeka ndoano, unavuta kitanzi kichungulie juu, unahamia tundu lingine. Hakuna fundo hata moja, vitanzi vinabanana vyenyewe. Langu lina mchoro wa kapu lenye nyanya saba, nimeanza mwezi wa tano, kapu limeisha, nyanya tatu zimeisha, ya nne ndo imenikwamisha.

Kosa ni langu, nilinunua ile seti ya dukani ina kila kitu ndani, tepe zimeshakatwa, bei nisiitaje mume wangu anasoma humu. Nyekundu zote ni nyekundu moja, rangi ya soda, na ikaisha kabla ya nyanya ya nne! Hapo ndo nikaanza kujiuliza, hivi matambara tangu lini yananunuliwa mapya?

Maana hii kazi ilianza na watu wasiotupa kitu. Miaka ya 1860 Biddeford, si mbali na hapa, kulikuwa na mchuuzi wa vyombo vya bati anaitwa Edward Sands Frost (jina lake la ukoo kwa Kiingereza ndo hiyohiyo baridi iliyonitoa nje usiku, sijatunga), akakata michoro ya maua na wanyama kwenye vipande vya metali, akawa anaichapa kwenye magunia na kuuza. Ila aliuza mchoro tu, matambara unatoa kwako. Na kule Newfoundland na Labrador, Kanada, misheni ya matibabu ya Grenfell iliomba wanawake wawatumie soksi zao ndefu za hariri zilizochanika, zikawa mazulia mazuri mpaka leo watu wanayatafuta. Soksi zilizochanika bana.

Kwahiyo nimeenda mtumbani, nikapata koti la kike la sufu dola 6, linanuka dawa ya nondo, rangi kama pichi iliyofifia. Nimelifua kwa maji ya moto makusudi lijikunje, hapo nyuzi hazichomoki ukikata. Nikakata mkono mmoja, tepe za kama nusu sentimita, nikaweka moja pembeni ya nyanya iliyokuwa inaanza kubadilika, kijani karibu na kikonyo, afu chini kwenye kitako pinki inayoelekea njano. Ileile! Nikavuta vitanzi mpaka saa sita usiku, nikalala kitako kimeisha.

Leo nafungua boksi niendelee na upande wa juu, nyanya yenyewe imeshakuwa nyekundu nusu nzima. Nimeitoa ndizi nikaila.