Kubofya kwa Mkono Hakufiki New York

Mgeni kutoka New York alitua uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) Juni 29 jioni, mabegi mawili mkononi, na hakukuwa na mtu wa kumpokea. Alikuwa apande Kilimanjaro kwa njia ya Machame kuanzia Julai 1, na wageni hulala Moshi usiku mmoja kabla, kwa hiyo dereva alipangiwa Juni 30. Kwenye simu yake, alipoutazama akiwa kwao, ukurasa wa oda ulisema kupanda ni Juni 30. Kwenye laptopu yangu hapa Arusha, oda ileile, ukurasa uleule, ulisema Julai 1. Kampuni ililipa usiku mmoja wa ziada hotelini, na mimi niliyeuandika ukurasa ule nikaitwa kujieleza.

Kisa hiki hunirudia kila mafundi wa tovuti wa hapa mjini wanapobishana kama kuna haja ya kuandika majaribio, yaani programu ndogo zinazokagua zenyewe, ya kodi ya upande wa mbele, ile inayokimbia ndani ya brauza ya mteja. (Kodi ya programu, si ile ya TRA.) Wengi wana jibu fupi: "Chalii, fungua ukurasa, bofya, angalia. Kama inafanya kazi, pandisha hewani." Majaribio ya seva, kompyuta inayotunza oda, wanayakubali, maana huko ndiko kuna hela na hesabu. Ukurasa, wanasema, ni wa kutazama tu.

Wana sababu. Mwonekano hubadilika kila wiki: bosi anataka kitufe kihame, kesho anataka picha ya tembo iwe kubwa zaidi, na kila badiliko linaangusha majaribio kumi ambayo hayajawahi kunasa kosa hata moja. Niliwahi kurithi mradi wa namna hiyo. Jaribio moja lilikuwa linalinda maneno ya kichwa cha ukurasa, herufi kwa herufi. Aliyepitia hayo akiapa kwamba hatatesti tena, namwelewa.

Lakini turudi kwenye ile tarehe. Seva ilituma "2024-07-01", tarehe tupu isiyo na saa. JavaScript, lugha ya programu ya brauza, ikisoma tarehe ya aina hiyo huihesabu kuwa saa sita usiku ya UTC, saa ya dunia ambayo saa za nchi zote hupimwa kwayo. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, kwa hiyo kwetu ni saa tisa usiku, Julai 1. New York wakati wa kiangazi wako nyuma kwa saa 4: kwao bado ni saa mbili usiku, Juni 30. Mjerumani angeona Julai 1, Mwingereza vilevile, na ndiyo maana misimu miwili ilipita hakuna aliyelalamika. Wageni wetu karibu wote walikuwa wa Ulaya.

Sasa ligeuze kosa. Mteja akichagua siku kwenye kalenda, brauza hutengeneza saa sita usiku ya pale alipo. Fundi akiigeuza kuwa UTC kabla ya kuituma, saa sita usiku ya Arusha inakuwa saa tatu usiku ya jana yake, na siku imepungua moja. Kosa hili la pili ungelinasa kwa kubofya mara moja tu, hapohapo ofisini. Mtu wa New York asingeligundua kabisa, kwa sababu yake inakuwa saa kumi alfajiri ya siku ileile. Ni makosa mapacha: moja linamuuma fundi wa Arusha, jingine linamuuma mgeni wa Marekani. Ungekaa ukibofya ukurasa wangu toka asubuhi mpaka Mlima Meru umezwe na giza, na hilo jingine usingeliona.

Hapo ndipo watu wa majaribio wanapoeleweka vibaya. Playwright, zana ya Microsoft iliyotoka mwaka 2020, hufungua brauza halisi, na unaweza kuiambia ijifanye iko kwenye saa za New York. Ni mstari mmoja. Mwenzangu aliniuliza ningejuaje kuuweka kabla sijaumia. Nisingejua, niliumia ndipo nikauweka. Ila tangu siku hiyo kila tarehe mpya inayoingia kwenye fomu, ya kumalizia salio au ya kurudi nyumbani, inapitia New York bila mimi kukumbuka.

Wapinzani wana takwimu moja ambayo imeninyima usingizi. Mwaka 2016 Google walieleza kwamba asilimia 1.5 hivi ya mara zote majaribio yao yanapoendeshwa huleta jibu la kuyumba: sasa hivi limeanguka, ukirudia limepita, na kodi hakuna aliyeigusa. Hao ni Google. Ilete namba hiyo kwenye ofisi ya watu wawili Njiro. Ukiwa na majaribio 40, na kila moja likiyumba kivyake kwa kiwango hicho, kila ukiyaendesha kuna uwezekano wa asilimia 45 kwamba angalau moja litawaka nyekundu bila sababu. Karibu nusu! Baada ya wiki mbili umeizoea nyekundu, unapandisha hivyohivyo, na siku nyekundu ya kweli ikija inakukuta umeshaacha kuitazama. Nilipofanya hesabu ileile kwa majaribio 6 nilipata asilimia 9. Basi namba inayotumiwa kuyakataa majaribio yote mimi naisoma kama dawa ya wingi wake tu. Yangu sasa ni 6: kuchagua tarehe, bei ya kundi, amana, salio, kubadili oda na kuifuta. Kichwa cha ukurasa kibadilike kinavyotaka.

Tena yaendeshwe kwenye brauza halisi. Majaribio mengi ya haraka hukimbia ndani ya jsdom, inayouiga ukurasa bila kuuchora, kwa hiyo haijui kitu gani kimekaa juu ya kipi. Tovuti za utalii za hapa zinapenda sana kile kidude cha kijani cha WhatsApp kinachoelea kona ya chini. Kwetu, kwenye simu yenye upana wa pikseli 360, kilikalia kitufe cha "Endelea" chote. Jaribio la jsdom likabofya likapita. Playwright huangalia kwanza kama pale inapobofya ni kitufe chenyewe kinachopokea. Kikifunikwa inasubiri, muda ukiisha jaribio linaanguka. Kosa hili mwenye simu ndogo angeliona kwa macho, nakiri. Ofisini sote tulikuwa na laptopu.

Kwenye hela ndipo wanaponishinda. Tovuti huuzwa kwa bei ya jumla, mwenye kampuni anaitaka hewani kabla msimu haujaanza Juni, na majaribio hayaonekani kwenye skrini anayoonyeshwa. Yale 6 yalinila siku mbili. Nilipoyaweka kwenye ankara kwa jina lake, bosi mmoja aliuliza kwa nini anilipe mimi kukagua kazi yangu mwenyewe, na sikuwa na jibu la haraka. Siku hizi mstari ule kwenye ankara unasomeka "tarehe na malipo, wateja wa nje". Bado hakuna aliyeuliza.